Majina Chini ya Malata

Kwako Kapinga, binti yangu, mama yangu kwa jina,

Ninakuandikia hapa hapa ku gare, stesheni ya treni ya Likasi, muchana kweupe, na penseli yangu ya fundi, ku mukongo ya makaratasi ya mizigo ile karani ya gare alitupa. Usicheke maandiko. Masomo yangu iliishia mwaka ya pili: padri mwenye kutufundisha alihama, na minye nikashukuru Mungu. Lakini hii mukono inaandika sawa kuku anachakura, njo mukono ilifanya bintu ile bazungu bafundi balikuya kuangalia na kufunga kinywa. Haiko majivuno. Balifunga.

Kesho treni yenu inaondoka. Weye na bwana yako Odilon mutaingia mu wagon pamoja na bantu ya avenue yetu, muende Kasai, ile inaitwa kwenu na macho yako haijaiona ata siku moja. Juu ya maji, juu ya chakula, juu ya kufunga mukono ya Odilon ile balivunja, sitasema kitu. Weye ni mwanamuke mukubwa, unajua kupita minye. Minye niko na neno moja tu, na ile neno ni jibu.

Wiki sita sasa tunalala hapa chini ya turubai, tangu bakubwa ya siasa balisema Katanga ni ya bantu ya Katanga, na siye bantu ya Kasai turudi kwetu. Kila siku unauliza ulizo moja. Unauliza Odilon, unauliza jirani yetu Mama Tshibola, unauliza Mungu: "Nani alibaonyesha nyumba yetu?" Na uko na haki ya kuuliza. Nyumba yenu haikuwa mu kampi ya bafanya kazi, kule kila muntu anajua kila muntu. Ilikuwa Kikula, nyuma ya soko, katikati ya bantu ya kila kabila. Jina ya Odilon ni Kasongo, na ba-Kasongo beko Katanga, beko Kasai, hakuna muntu anaweza kujua kwa kusikia. Haukusemaka Tshiluba, luga yetu ya Kasai, mu barabara. Na bale vijana ya kutufukuza balipita milango kumi, habakugonga ata moja, bakakuya mpaka kwenu.

Unauliza, na minye ninaangalia reli. Unafikiri nilichoka. Unafikiri ni uzee.

Ninajua nani, mama. Nilijua tangu siku ya kwanza. Acha nianze mbali, juu kama ninaanza karibu nitakimbia.

Ulikuwa unasoma primere, masomo ya batoto, wakati shefu ya atelie yetu ya mbao, kule Shituru ku kiwanda ya shaba, aliniita kwake. Muzungu mwenye mashavu mekundu. Alikuwa na treni ya kuchezea, ya stima, ku meza kubwa sawa kitanda ya bantu ine. Muntu muzima na tumbo yake, anapiga filimbi na midomo, treni inazunguka! Lakini ilikuwa inazunguka mu jangwa. Reli na mbao, ata nyumba moja. Akaniuliza kama naweza kumufanyia gare kidogo, ya sawa sawa na treni.

"Gare gani?" nilimuuliza. "Ya Likasi?"

"Ya namna yoyote."

"Hakuna gare ya namna yoyote, shefu. Kuko gare ya Likasi."

Siku ya Mungu, kisha misa, nilikuya hapa hapa na kamba nikaipima. Polisi ya gare aliniuliza kama ninataka kuinunua. Nikamujibu ninataka kuibeba kwa mufuko. Na niliibeba!

Kipimo yangu ilikuwa kijiti ya kiberiti. Nusu ya kijiti, ni mulango ya muntu. Kijiti muzima, ni nyumba ya kampi kutoka chini mpaka ncha ya malata, ile mabati ya juu. Ukuta ni karatasi ngumu ya sanduku ya viatu, na matofali nilichora na sindano, mustari kwa mustari. Malata ni tube ya dawa ya meno: unaipasua, unaisafisha, unailalisha juu ya kichanuo, unapitisha musumari katikati ya kila jino, inatoka na mikunjo yake sawa malata ya kweli. Mama yako alitafuta kichanuo yake mwezi muzima. Kioo ya dirisha ni ile picha ya eksrei ya kifua dispensere inatupaka inje. Unaichemsha na soda ya kufua mpaka mbavu ya muntu inatoka, inabaki ngozi safi. Bantu ya Likasi mingi sana, mbavu yabo niliikwangua ku sufuria, na habajui.

Hakuna muntu alinifundisha hii. Nilitoa mu kichwa yangu.

Rangi tu haikuwa kazi yangu. Rangi ilikuwa ya Papa Mwansa, parrain yako, ule alikushika siku ya batisimu na ukamukojolea koti. Yeye alikuwa fundi ya rangi mu atelie yetu. Yeye muntu ya hapa, ya Katanga. Minye kampani ilinitoa Kasai kijana bila ndevu. Miaka makumi mbili na tano tulikuwa meza moja, na tofauti yetu ilikuwa tu ku sahani: yeye anapenda bukari, ule ugali, ya mahindi matupu, minye ninataka ichanganywe na muhogo. Aliniambia muhogo njo inanifanya niseme sana.

Siku nilimaliza malata ya gare, nikaipangusa mpaka inang'aa, Mwansa aliishika, akaigeuza, akatikisa kichwa.

"Ndugu, hii ni Likasi ao ni mbinguni?"

"Weye paka rangi, acha maneno."

"Moshi ya Shituru inatumwangia asidi juu ya vichwa kila siku, malata ya bantu yote iko nyekundu sawa kidonda, na weye unaleta malata ya bibi harusi!"

Akakamata unga ya tofali, masizi ya taa, mate yake, na kidole. Akapitisha mara mbili. Mama, ile malata ilizeeka miaka makumi tatu mbele ya macho yangu. Nilimusogezea malata yote ile ilibaki, bila kubisha. Unajua ni mara ngapi ninakosaka kubisha.

Ninakuambia hii usifikiri alikuwa muntu mubaya tangu mwanzo. Ingekuwa rahisi. Mubaya wa tangu mwanzo ungemufunga mulango.

Kisha ikakuya mwaka ya pillage. Askari balipora maduka, bazungu bakaondoka. Shefu alikuwa amenipatia ahadi, mbele ya bibi yake: siku nitarudi Ulaya, treni ni yako. Nilienda kwake mbio. Nikakuta meza. Treni alibeba, mpaka taa yake kidogo ya nyuma, na kazi yangu yote aliiacha sawa sahani chafu ya muntu ameshiba. Nililia ile treni mwaka muzima, mu masikio yenu yote. Mama yako alikuwa mugonjwa ile wakati, na badala anisikie nimuulize alilala namna gani, alisikia treni, treni, treni.

Juu ya mama yako kuko kitu ingine. Siku ya kwanza alipoona gare yangu, alisema: "Baba Kapinga, ku upande ya reli, milango ya magasin ya mizigo ni ine. Weye ulitia tano." Nilipiga kelele siku tatu. Minye, mwenye kupima na kamba! Yeye, mwenye kupita na beseni ku kichwa! Kisha nilikuya hapa peke yangu, nikahesabu. Ine. Nilirudi nikaziba mulango ya tano wakati yeye yuko ku soko, Mwansa akapaka rangi, na sikumuambia. Alikufa bila kusikia ile neno kidogo: ulikuwa na haki. Sijui ingenigharimu nini. Sasa ninaamuka nayo kila asubui, hapa, mbele ya ile milango ine.

Meza nililetaka nyumbani, unakumbuka, ikajaza salon, mukaanza kula ku mulango. Treni haiko, basi nikasema nitafanya kitu ile muzungu hakuweza kuwaza: kampi yetu. Nyumba sitini na mbili, avenue kwa avenue, bomba ya maji, tanki, chimney ya Shituru nilizungushia ku mupini ya fagio. Sasa angalia shida. Nyumba ya kampi yote iko sawa. Kampani ilijenga sawa sawa sawa, sitini na mbili, sawa mayai. Kama paka inapita juu ya meza inaziangusha, nitajua namna gani hii ni ya nani?

Njo maana nilifanya malata itoke, sawa kifuniko ya sufuria. Na chini ya kila malata nilibandika karatasi, nikaandika jina ya mwenye nyumba.

Jina tu. Kwabo, kule balizaliwa, sikuandika. Bantu benyewe njo baliniomba. Siku ya Mungu, kisha misa, balikuwa banapanga mustari ku salon yetu juu ya kujiona. Mama Tshibola alikuwa wa kwanza.

"Papa, andika na kwetu! Andika Mama Tshibola, wa Gandajika, mwenye kuleta mikate ya mafuta mu hii avenue!"

"Mama, niko na nafasi ya nusu kijiti."

"Basi toa jina ya bwana yangu, utie mikate."

Bantu balicheka mpaka batoto balilia. Na kisha yake kila muntu alitaka: andika Mwene-Ditu, andika Luputa, andika Kabinda. Bantu ya Katanga pia, andika Bukama, andika Mitwaba. Miaka makumi tatu tunakaa pamoja, na ile njo mara ya kwanza nilijua jirani yangu wa mukono ya kuume alizaliwa wapi. Nilisikia sawa minye njo katibu ya dunia. Minye, mwenye miaka mbili ya masomo.

Nyumba ilikuwa moja tu ya uongo ku ile meza. Ya kwako.

Wakati uliolewa ukaenda Kikula, nilisikia meza imepungukiwa. Kikula haingeweza kuingia ku mbao yangu. Basi nilifanya nyumba yenu, mulango ya bluu na yote, nikaiweka ku pembe karibu na tanki ya maji, pale kweli kweli kuko majani na mihogo ya bantu. Mwansa aliniuliza: "Weye mwenye kupima, hii ni nini?" Nikamuambia: ni binti yangu, nitamuweka pale ninataka. Chini ya malata niliandika Kapinga, niliandika Kasongo Odilon, niliandika Kabinda, kule baba yake anatoka. Niliandika na bic nyekundu, juu ya sherehe.

Sasa kuko Jumamosi, siku ine mbele bakuye kutufukuza.

Mwansa alikuya na vijana mbili nisiobajua. Mashati safi. Hakuniita ndugu. Leo njo ninaikumbuka.

"Muzee, hawa banasikia sifa ya kazi yako. Banataka kuona."

"Kuona, ao kuelewa?"

"Kuelewa, papa," mumoja akajibu, mwenye kaye, daftari ya shule, mu mukono. "Banasema uko na kampi muzima ku meza, na kila nyumba inajua mwenyewe. Siye tulisema ni uongo."

Uongo! Unanijua, mama. Ungeniambia ninakufa kesho, ningekunywa chai yangu. Lakini kuita kazi yangu uongo!

Nilifungua malata ya kwanza mbele yake. "Soma."

"Ilunga. Mwene-Ditu."

"Nyumba ya tatu kutoka ku bomba. Enda uhesabu na miguu yako, kama ninakosea ubebe kofia yangu."

Akaandika mu kaye. Nilifikiri anaandika vipimo. Nikamuambia: "Andika, andika, kijana, hii habafundishi ku shule." Nikafungua ya pili, ya tatu. Ile ya bantu ya Katanga alikuwa anaifunika mbio bila kuandika, na minye sikuona. Nilikuwa sawa muntu ku karamu yake mwenyewe. Kufika ku nyumba ya Mama Tshibola aliniuliza ile jina inaandikwa namna gani. Aliniuliza minye, mama! Muntu mwenye masomo, ananiuliza minye! Nikamutajia herufi moja moja. T, S, H. "Usisahau H," nilimuambia, "bantu mingi banasahauka H."

Mwansa alibaki pa mulango, anaangalia inje. Nikamuita: "Ingia basi, uonyeshe rangi yako, usiniachie sifa yote!" Akasema yuko muzuri pale. Alikohoa. Nikamuambia maji iko mu mutungi, akunywe.

Mwisho ule kijana aliweka kidole ku pembe. "Na hii? Haiko mu mustari."

"Ile ni ya binti yangu."

"Anakaa hapa, karibu na tanki?"

Kapinga, nisikilize. Ningesema ndiyo. Neno moja, na ni neno kafupi. Bangekuya ku tanki, bangekuta mihogo, bangerudi. Lakini kumuacha mutoto ya bantu afikiri kwamba minye, minye, nilikosea kuweka nyumba pa mahali yake? Sikuweza.

"Hapana," nilimujibu, "ile niliweka juu ya mapendo. Nyumba ya kweli iko Kikula, nyuma ya soko, mulango ya bluu, mbele yake kuko muti ya avoka. Muulize muntu yoyote."

Alisoma chini ya malata. "Kasongo. Si ni muntu ya huku?"

Nilicheka, mama. Nilicheka na meno yote ile imebaki. "Ya huku gani? Baba yake wa Kabinda, imeandikwa pale! Nitapatiana binti yangu na nitakosa kujua kwabo ya mukwe?"

Akaandika.

Jumatano balikuya. Ya kampi uliisikia tu, haukuwa pale, minye nilikuwa. Habakupiga kelele ya kutafuta. Ule mwenye kaye alitembea mbele, pole pole, anasoma. Jirani yangu wa mukono ya kuume, wa Bukama, balipita. Mama Tshibola, balisimama. Balipita mbili, balisimama. Balipita moja, balisimama. Minye balisha kunitoa, nilikuwa mu barabara na sufuria yangu ku kichwa na godoro, na nilibafuata kwa macho avenue muzima. Habakukosea nyumba ata moja. Nitakuambia kitu ya haya kupita yote nilisha kukuambia: kabla nisikie woga, kabla nisikie uchungu, kitu kadogo mu tumbo yangu ilisema, unaona, nilipima muzuri.

Kisha nikakumbuka ile pembe, na mulango ya bluu. Nilikimbia Kikula na miguu hii ya muzee, lakini bengine balisha kunitangulia. Ulinikuta ku barabara, unakumbuka, Odilon anashika mukono yake, masini yako ya kushona inawaka mu nyumba. Ulinikumbatia. Ulisema: "Papa, ulijua namna gani ukuye?" Nikasema ni moyo ya baba.

Mwansa alikuya hapa ku gare wiki ya pili, ku nyavu ya chuma, upande ile hakuna bantu. Alileta unga, kilo mbili ao tatu, mu mufuko ya plastiki. Weye ulikuwa ku bomba.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Nilijua."

"Ulikula na minye, ulishika mutoto yangu pa maji ya batisimu, na ulijua."

"Bibi yangu ni wa kwenu Kasai, ndugu. Balisema, ao unatupeleka kwa muzee mwenye meza, ao tunaanza na bibi yako."

"Ungenikonyeza. Ungenikanyaga muguu. Ungefanya kitu."

"Nilikohoa," alisema. "Mara tatu. Ulinituma ku mutungi."

Nilimutupia unga yake kupita juu ya nyavu, ikapasuka ku miguu yake. Ile mangaribi mulilala na chai, weye na Odilon, na haukujua juu ya nini. Ni juu ya kiburi yangu. Iongeze ku hesabu.

Kikohozi! Miaka makumi mbili na tano, na alinipatia kikohozi. Sijamusamehe. Sitaki padri aniambie kitu juu yake. Muntu mwenye kukupenda anakuvunjia meza, anakuangusha chini, anakuziba kinywa na mukono, unamukasirikia mwaka muzima lakini nyumba ya mutoto yako haiungui. Hakohoi. Na kama siku moja, kule unaenda, unaona muntu anachimba shimo yake kwa furaha, anacheka, na anapiga makofi, usikohoe, mama. Muangushe.

Kule Kasai nasikia bale banarudi banaitwa siku hizi bantu ya Katanga. Batacheka Tshiluba yako, na batacheka namna unasonga bukari. Wakati minye nilifika hapa balinicheka pia, na minye nikajibu kwa kujisifu. Kila muntu alijua nilifanya nini na ninaweza nini. Ilinisaidia. Siwezi kusema haikunisaidia. Lakini muntu mwenye kujisifu miaka makumi ine, masikio yake inageuka kinywa. Weye una mikono ya kushona kupita yote ya Likasi, na damu ni yangu, basi utajisifu, siwezi kukukataza. Kama muntu anasifu kazi yako, furahi. Ila angalia mikono yake inafanya nini wakati kinywa yake inasifu.

Meza nilivunja na shoka ile Jumatano asubui, kwa kuchelewa, nilirudi ndani mbele nikimbie Kikula, wakati balikuwa avenue ya pili. Nilikula karatasi moja ya chini ya malata. Sijui ilikuwa ya nani. Tayari ilikuwa mu kaye.

Sasa sikiliza ile nilikuwa ninapanga. Nilikuwa nitakupatia hii barua kesho, kupitia dirisha ya wagon, treni ikisha kuanza kuvuta. Weye unaisoma Bukama, ao Kamina, minye niko mbali, hasira yako hainifikii, na uko na njia muzima ya kuipoza. Nilifurahia akili yangu saa muzima. Kisha nikaona ile muntu wa kunyoosha barua kwa dirisha: yeye pia anaangalia inje, sawa Mwansa pa mulango.

Basi hapana. Ninamaliza hii mustari, ninasimama, ninakuya kwenu chini ya turubai, sasa hivi, jua ikiwa juu. Nitakusomea minye mwenyewe, juu maandiko hii hakuna muntu ingine ataweza. Odilon akae karibu, juu mukono ni yake. Kama Mama Tshibola anasikia, asikie. Kama hasikii, nitaenda kwake kisha, na kisha yake ku turubai ingine, mpaka nimalize bantu yote ile kaye iliandika.

Wiki sita ulinisihi nipande na ninye, na minye nilijibu reli ilinileta hapa fundi, hainirudishi muzigo. Ile ilikuwa nusu. Nusu ingine, sikuweza kufikiri kuketi mu wagon siku ine na ile bantu, bananisogelea mahali juu ni muzee, bananiita papa.

Ninajua uliandikisha jina yangu ku liste ya wagon bila kuniuliza, karani alinionyesha. Nikimaliza kusoma nitanyamaza. Kama unaniambia nipande, kesho nitapanda na nitaketi pale utanionyesha. Kama unasimama na unaenda kwa karani kuifuta, sitakufuata na sitauliza juu ya nini.

Ninakuya.

Baba yako